Nilivyokwama Kariakoo wakati wa msako, mtani akaniwahi kabla ya lori

Wakuu, salamu zenu wote, wa bara na wa pwani.

Mimi ni mtu ambaye hakuna cha kumshangaza. Shule niliishia darasa la nne, na leo Tabora ukiuliza nani ana maduka ya vitambaa watakuonyesha kwangu bila kufikiria. Nimepita kwingi. Ila ipo safari moja ya Dar, enzi za Ujamaa, ambayo mpaka leo nikisikia lori linapunguza mwendo naweka kikombe chini kwanza. Nitaieleza ilivyokuwa. Sina haja ya kuongeza chumvi, sifa ninazo tayari.

Nilikuwa kijana, fundi nguo wa kushonea cherehani ya kuazima. Nikadunduliza, nikapanda treni daraja la tatu kwenda kutafuta ya kwangu.

Bajeti ilikuwa ya kubana kweli. Unga kwenye mfuko, kidumu cha asali, kulala kwa shemeji, siku chache nageuza.

Shemeji yangu Idi, kaka wa mke wangu, alikuwa kuli bandarini. Alipanga chumba kimoja Kariakoo, upande wa Msimbazi. Nililala kwenye mkeka, miguu ikiwa chini ya kitanda chake.

Siku ya kwanza tu Idi akaniambia, "Shemeji, twende kwa balozi ukaandikwe."

Vijana wa siku hizi niwaeleze. Kila nyumba kumi zilikuwa na balozi wake. Mgeni akilala mtaani, anapelekwa kwa balozi, anataja jina, kabila na alikotoka. Ndiyo ulinzi wa mtaa.

Balozi wetu alikuwa mama mmoja Mzaramo, Bi Zuhura, anauza uji barazani kwake. Mimi nikaangalia lile sufuria, nikajiona mkubwa. Nikamwambia, "Bibi, mimi siandikwi kama ng'ombe wa mnadani. Nimekuja na hela zangu."

Hata jina sikumpa.

Akakoroga uji wake. "Haya baba, kaa. Mji hauna mlango."

Cherehani nikaipata kwa Mhindi mmoja Upanga aliyekuwa anahama. Ya mkono, imetumika, lakini inaimba. Wenzangu wanazunguka maduka matupu, mimi nimeshabeba.

Nafika stesheni, naambiwa mvua imesomba reli huko njiani. Treni hakuna mpaka watangaze.

Sasa hapo ndipo msako ulipoanza.

Mgambo walipita mchana kweupe wakiuliza kitambulisho cha kazi. Huna, unapandishwa lori, unapelekwa mashamba ya mkonge au kijijini kulima. Hakuna kwenda kuaga. Mke wangu Tabora asingejua nimeishia mkoa gani.

Wakuu, nilikaa ndani kama mwali. Idi akitoka alfajiri, mimi najifungia. Nikitaka kwenda chooni uwani, nachungulia kwanza. Kuna siku niliingia uvunguni kwa sababu ya mwuza mkaa.

Idi akasema, "Nenda kamwombe radhi yule mama, akuandike."

"Nimwombe radhi muuza uji?"

"Basi ukifika kwenye mkonge uniandikie barua."

Sikwenda. Kiburi kilikuwa kingi kuliko akili.

Unga ukaisha. Ikabidi nitoke kwenda kuulizia treni. Nikavaa utepe wa kupimia shingoni, nionekane fundi niliye kazini.

Sikufika mbali. Mgambo wawili, mmoja mtu mzima.

"Unafanya kazi wapi?"

"Mimi fundi nguo."

"Wapi?"

"Tabora."

Akacheka. "Umetoka Tabora asubuhi hii kuja kumpima nani?"

Lori lilikuwa pale pale, watu wamekaa ndani, mmoja ameshika kiroba cha mchicha aliotumwa sokoni. Nikajitetea kwamba ninaishi mtaani, balozi wangu ni Bi Zuhura. Yule mtu mzima akasema haya, tukamwulize.

Barazani walikuwepo wanywa uji wengi tu.

"Bibi, huyu mgeni wako?"

Bi Zuhura akanitazama taratibu. "Sura naijua. Huyu ndiye aliyekataa kuandikwa kama ng'ombe. Mimi sina mgeni."

Watu wakacheka. Mkono wa mgambo ukakaza kwenye shati langu. Nilijua nikilia ndiyo basi.

Nikakumbuka kitu kimoja tu. Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu enzi za misafara. Ila utani ukimtupia mtu aliyekukasirikia, unaweza kumalizia kuchimba kaburi lako mwenyewe.

Nikautupa.

"Utamkumbuka vipi mgeni wewe, Mzaramo? Umeuza minazi ya baba yako ukachezee ngoma, imebaki sufuria tu."

Bi Zuhura akaweka upawa chini.

"We Mnyamwezi?"

"Wa Tabora haswa."

"Nyie mliofika pwani na mizigo kichwani, mkainywa bahari mkidhani uji?"

"Ndiyo sisi. Na ule wa bahari ulikuwa na ladha kuliko wako."

Akacheka mpaka akashika ubavu. Kisha akamgeukia yule mgambo mkubwa, sura kavu. "Mwachie. Huyu mateka wangu, nimemshika mimi kabla yenu. Naandika jina lake sasa hivi."

Mgambo akaachia shati. Lori likaondoka bila mimi.

Lakini mateka wa mtani hukombolewa. Bi Zuhura akahukumu hapo hapo: uji wa kila aliyekuwepo barazani, na doti moja ya kanga, nikaitafute mwenyewe mji mzima na uhaba ule wa nguo madukani. Nauli ya kurudi ikaishia humo. Nikashona pale pale barazani kwake mpaka treni ikatangazwa na nikapata nauli nyingine.

Nilichojifunza: ukifika mji wa watu, piga hodi kwa mwenye mtaa, hata kama anauza uji. Waliokuwa mjini miaka ile waseme walivyokwepa lori, na Wazaramo mliomo humu nawasubiri, majibu ninayo.

Gharama ya kichwa changu, uji na kanga kwa pamoja: shilingi mia mbili na kumi na nne.