Mama Koki aliomba mipira, akaletewa mipira

Saa kumi na mbili kasoro robo asubuhi, Mama Koki amepiga magoti kwenye saruji iliyolowa. Mkono wa kulia una spana, wa kushoto umebana kipande cha kandambili ya bluu alichokikata kwa wembe, mviringo, kiasi cha kifungo cha koti.

"Jamani, msinisukume! Huyu akifa leo, mtachota kwa macho."

"Huyu" ni koki ya tatu. Kituo kina koki nne, na mbili zimekwisha kuzibwa kwa vijiti na kufungwa kwa kamba. Ya tatu ilianza kuvuja Jumatatu. Tangi la lita elfu tano, linalojazwa mara moja kwa siku, sasa linakauka saa nne asubuhi. Walio mkiani mwa foleni wanarudi kwenye shimo la kokoto, kuchota maji ya rangi ya chai.

Kituo kilijengwa miaka mitatu iliyopita na kampuni ya sabuni, ikishirikiana na shirika la misaada. Kinahudumia kaya mia mbili na kumi. Mama Koki, mjane aliyekuwa akiponda kokoto kwenye shimo hilohilo, alifundishwa siku nne, akapewa spana na kazi.

"Sikatai, walitutoa mbali," anasema. "Tangu koki zije, mjukuu wangu hajaharisha hata siku moja. Ndiyo maana nakasirika."

Kinachomkasirisha ni kidude cha ndani ya koki, kinachozuia maji. Hapa kila mtu hukiita mpira. Koki zililetwa na kampuni kutoka nje, na duka la vifaa halina saizi hiyo. Kandambili inadumu siku tisa, ikijitahidi.

Mwezi wa kwanza mwaka jana aliiandikia kampuni barua kwa mkono wake: "Tunaomba mipira minne. Iliyopo imekwisha."

Baada ya wiki sita gari likaja. Wakashuka afisa miradi wa kampuni, mpiga picha, na mipira minne ya kuchezea, mipya, ndani ya wavu.

"Mama, mbona hufurahi?" afisa akauliza.

"Mwanangu, huu nitauingizaje kwenye koki?"

Picha ilipigwa hivyohivyo. Imo kwenye kalenda ya kampuni, mwezi wa saba: Mama Koki amekumbatia mpira, uso kama aliyemeza dawa chungu.

Akaandika tena, safari hii kwa uangalifu: "mpira wa maji." Wakamletea bomba la plastiki la kumwagilia bustani, la kijani, mita thelathini.

"Andika pete ya mpira," anashauri fundi cherehani, jirani yake, akiwa na ndoo mbili kwenye foleni.

"Niandike pete? Si wataniletea mchumba!"

"Mpokee tu, dada. Huenda akawa fundi bomba."

Foleni inacheka. Yeye hacheki, anakaza nati.

Afisa miradi alipopigiwa simu na gazeti hili, alifungua kumbukumbu zake na kujibu kwa upole: "Maombi yote mawili yalitimizwa. Kituo hicho hakina tatizo lolote."

Mama Koki anapoambiwa jibu hilo, anaweka spana chini. Anafuta mikono kwenye gauni.

Alhamisi mkurugenzi wa kampuni atakuja kuadhimisha miaka mitatu ya kituo. Mama Koki amekwisha kuletewa fulana ya kuvaa, na maelekezo: amfungulie mgeni koki anawe mikono mbele ya kamera.

"Nitamfungulia," anasema. "Koki namba moja."

Namba moja ni mojawapo ya zile zilizofungwa kwa kamba.

Anafungua fundo kwenye pindo la kitambaa chake cha kichwa. Ndani mna kidude cheusi, kimelika upande mmoja, chepesi kama ganda la mbegu.

"Akishangaa maji hayatoki, nitamwekea hiki kiganjani. Jina lake silitaji tena, limeshanitia aibu mara mbili. Nitamwambia tu: baba, kama hiki. Vinne."