Mama Kebo na Kompyuta Zilizokataa Kuharibika

Zamani kompyuta ikikugomea ulimwita mtu, akaja kwa miguu yake na kukujulia hali kabla ya kuuliza tatizo. Siku hizi unapiga simu, unachezewa muziki, kisha unapewa namba kama mfungwa na kuambiwa usubiri.

Mtu huyo kwetu alikuwa Mama Kebo. Wafanyakazi wa ofisi yetu ya bili za maji ndio waliompa jina hilo, kwa ajili ya nyaya alizozining'iniza shingoni kila alipopita ukumbini. Chumba chake kilikuwa chini ya ngazi, pahali ambapo hata mfupi aliingia kwa kuinama. Ndani mlikuwa na meza moja, mifupa ya kompyuta zilizokufa na birika la umeme. Mimi nilikuwa mtunza faili, mlango wa pili kutoka kwake, na nilisikia kila neno lake, maana mwanamke yule hakujua kunong'ona.

Hakuwa mpole. Wanaomsimulia leo kama malaika wanamsingizia. Alikuwa na ulimi wa wembe, na alijisifu mchana kutwa. Lakini kompyuta ya mtu hakuigusa. Ukimwita, alisimama nyuma ya kiti chako akasema, "Haya, nisimulie. Ulifanya nini kabla haijakununia?" Ukijibu kwamba hukufanya kitu, aligeuka akaenda zake. "Mficha maradhi kifo humuumbua," alisema akiwa mlangoni. "Ukikumbuka, niite." Ukishasema ukweli, alikuongoza kwa maneno, wewe mwenyewe ukibonyeza, hadi mambo yakae sawa. Kisha alikutaka urudie yote peke yako, yeye akitazama dirishani.

Hata nyumbani kwangu alikuja. Mke wangu alikuwa katibu wa kikundi chao cha akina mama wa mtaani, na siku hiyo printa ilikataa kutoa barua za mkutano. Alikuwa amebonyeza na kubonyeza hadi kidole kikauma.

"Shoga, si ubonyeze wewe tu, tukanywe chai?" mke wangu alisema.

"Nikibonyeza mimi, wiki ijayo utaniita tena. Mimi si yaya wa printa yako. Angalia hapo. Barua ya kwanza imekwama mlangoni, na zote ulizozituma baadaye zimepanga foleni nyuma yake. Ifute hiyo ya mbele."

Mke wangu akafuta. Printa ikakohoa, ikaanza kutema barua ile ile, nakala juu ya nakala, hadi karatasi zikaisha.

"Haya sasa, umeshapata za kuwasomea hadi wajukuu," Mama Kebo akasema. "Na mzee wako je, anajua kuitumia?"

"Huyo? Huyo amezioa faili."

Wakanicheka wote wawili, na chai ikanywewa.

Ndipo akaja meneja mpya. Alikuja na tai, na neno "mfumo" mdomoni, na mpango wa kutuunganisha na kituo cha msaada kilichokuwa huko tusikokujua. Chumba cha chini ya ngazi, alisema, huenda hakihitajiki. Angetazama hadi mwisho wa mwezi ni mara ngapi Mama Kebo anaitwa, kisha aamue. Basi mwezi ukaenda, na Mama Kebo akaitwa kwa nadra. Nani angemwita? Mhasibu alijua kuzima na kuwasha kwa utaratibu. Karani wa mapokezi alijua kuifungua printa na kutoa karatasi iliyokwama bila kuichana. Wote alikuwa amewafundisha yeye.

Nilikuwa ofisini kwa meneja, nimeshika faili, alipomwambia, "Mama, watu hawakuiti."

"Hawaniiti kwa sababu wameelewa."

"Basi kazi yako si imekwisha?"

Damu ilinichemka. "Unamfukuza daktari kwa kuwa watu hawaugui?" nilimuuliza. Akanitazama kama mtu anayemtazama nzi aliyetua kwenye chai. "Mzee, weka faili hapo."

Mama Kebo hakumwomba. Lakini alipofika kwenye ngazi aliniambia, kwa mara ya kwanza kwa sauti ya chini, "Mzee mwenzangu, chumba hiki nikikikosa, sina pengine."

Maneno hayo yaliwafikia wenzetu, nao wakapika hila yao: wangeziharibu kompyuta wenyewe, ili Mama Kebo aitwe mbele ya macho ya meneja. Niliwaambia kwamba huko ni kumpaka tope mtu kwa kisingizio cha kumwosha. Mhasibu akanicheka: "Wewe mzee unataka tu chumba chake uongeze makabati." Wakanipuuza.

Asubuhi waliyopanga, simu ya chini ya ngazi ililia mfululizo. Mama Kebo akatoka amejivika nyaya zake, uso umenawiri. "Leo wamenikumbuka!" aliniambia alipopita mlangoni kwangu. Alikuwa na furaha kama mtoto. Jambo hilo nikilikumbuka, hasira yangu huanza upya.

Alianza kwa mhasibu. "Haya, nisimulie. Ulifanya nini?"

"Sijafanya kitu, mama. Imezimika tu yenyewe."

Safari hii hakuondoka, kwa kuwa alitaka kuamini. Akapiga magoti chini ya meza. Waya wa umeme ulikuwa umechomolewa, ukazungushwa mviringo mzuri, ukafungwa kwa mpira, na ncha yake imevikwa karatasi isiingie vumbi. Ndivyo alivyowafundisha wauhifadhi waya ambao hautumiki. Akaenda meza ya pili: mviringo, mpira, karatasi. Ya tatu, vivyo hivyo. Wapumbavu wale walikuwa wameharibu kwa adabu.

Akasimama katikati ya ukumbi. "Panya wa ofisi hii wamesoma," alisema. "Chomekeni. Wote."

Wakachomeka. Kompyuta zilikuwa zikiamka moja moja meneja alipotoka. "Kelele gani? Ngapi zimeharibika?"

Ukumbi mzima ulimtazama Mama Kebo. Angetaja idadi yoyote, chumba kingekuwa chake. Nilimwona mhasibu akimvuta gauni kwa nyuma.

"Hakuna," Mama Kebo alisema. "Zote nzima."

Meneja akaridhika, akarudi kwake.

"Umejichimbia kaburi!" mhasibu alilia. "Tulikuwa tunakuokoa, mama."

"Mlikuwa mnanifanya mganga anayetia sumu kisimani apate wagonjwa. Miaka yote hii nawafundisha msiidanganye mashine, leo mnanidanganya mimi?"

Asante ya punda ni mateke, lakini punda hapigi teke huku akikuita mama.

Mwezi ulipoisha chumba kilifungwa. Leo kinawekwa ndoo na mifagio. Kompyuta ikigoma, mhasibu hupiga simu kituoni, akapewa namba, na mtu asiye na uso huingia kutoka mbali. Mshale unatembea wenyewe juu ya kioo, na mhasibu amekaa kando kama mgeni kwenye meza yake. Ukimuuliza lilikuwa tatizo gani, hajui. Waya ukichomoka anapiga simu. Watu waliokuwa wanajua wamefunzwa kutojua, na hilo nalo linaitwa maendeleo.

Mara ya mwisho nilimwona Mama Kebo kwenye foleni ya dirisha la dawa, hospitalini. Kompyuta ya binti mgawa dawa ilikuwa imeganda, na binti huyo alikuwa na simu sikioni, akisubiri kituo cha msaada kimjibu. Wagonjwa walikuwa wamejaa hadi nje. Nikapenya hadi alipokuwa.

"Mama Kebo! Si usogee umwelekeze?"

"Hata salamu kwanza hakuna? Nimekuja kuchukua dawa ya presha, mzee mwenzangu."

"Watu wanaumia hapa!"

"Nilishamwambia yule binti nimsaidie. Kasema haruhusiwi, mpaka apewe namba."

Nikaanza kufoka, kwa sauti ambayo mlinzi aliisikia. Nilimtukana meneja, kituo na mhasibu, kisha nikamgeukia yeye mwenyewe: kwa nini siku ile hakusema zimeharibika hata tatu, hata mbili?

"Punguza," aliniambia. "Utapata presha, na foleni yenyewe unaiona."

Mlinzi akanishika mkono akanitoa nje. Nilipogeuka, Mama Kebo alikuwa bado amesimama kwenye foleni.