Mtoto Ambaye Hakuhesabiwa

Karani wa boma alipokuja mtaani kwetu Garissa kuandika watu, mama alimwambia ana watoto wawili. Ilikuwa likizo ya Aprili, nami nilikuwa nimesimama nyuma yake na chupa ya chai mkononi. Nilijua tuko watatu. Sikusema kitu. Kwanza mimi si msemaji watu wakizidi watatu. Halafu kwetu watoto hawahesabiwi mbele ya mgeni, kama ngamia wasivyohesabiwa. Ukiwataja wote, kijicho kinawapata wote. Kwa hiyo mama huacha mmoja, na anayeachwa ni yule anayemwogopea kuliko wengine.

Aliyeachwa siku ile alikuwa mdogo wetu. Karani aliandika wawili, akanywa chai, akaenda nyumba ya pili.

Mdogo wetu hakuzaliwa na mama. Alizaliwa na habaryar, yaani mama yangu mdogo, ambaye alifariki karibu na Habaswein kabla ya arobaini yake kwisha. Mume wake alikuwa ametangulia miezi mitatu, kisima walichokuwa wakichimba kilimfukia. Mtoto aliletwa Garissa juu ya lori la ngozi, amefungwa kwenye shuka, ananuka chumvi na ngozi. Mama alikuwa akimnyonyesha dada yangu wakati ule. Alimhamishia dada titi la kushoto, la kulia akampa mgeni. Basi kwa maziwa yeye ni ndugu yetu, na hilo kwetu halina mjadala. Watu wa baba yake walikuwa mbali, upande wa mpaka, na ukame uliwasukuma mbali zaidi. Hakuna aliyekuja kumwulizia.

Ila bibi yetu, tunayemwita ayeeyo, hakukubali mtoto akue bila kujua ukoo wa baba yake. Alikwenda kwa wazee akayakusanya majina, na kila asubuhi akikamua mbuzi alimkalisha mbele yake ayataje, baba, baba wa baba, baba yake huyo, mpaka juu kabisa. Mtoto alikuwa na miaka sita. Kila siku alikwama jina la tisa.

"La tisa, wewe kichwa cha mbuzi," ayeeyo angesema. "Ukipotea porini ukakuta watu, utawaambia wewe ni wa nani?"

"Nitawaambia wanipe maji kwanza."

"Watakupa maji kwa sababu ya hilo jina."

Na mimi niliyekuwa nasoma vitabu vya shule pembeni wakati wa likizo nikalishika jina la tisa bila kutaka.

Mwezi wa Oktoba, mimi nikiwa shuleni pwani, mtoto aliugua homa akalazwa hospitali ya boma wiki tano. Huko alizoeana na mke wa Bwana wa Visima, Mzungu aliyekuwa akisimamia uchimbaji wa visima vya serikali. Huyo mama hakuwa na mtoto. Alikuja kila siku na maziwa ya kopo na kitabu cha picha, na mtoto alimfundisha Kisomali cha matusi bila yeye kujua ni matusi. Niliporudi Desemba nilimkuta mtoto amepona, ana suruali fupi yenye mifuko, na anazungumza habari ya ndege tu. Ndege ina dirisha. Ndani ya ndege unaletewa chai. Nilidhani ni mchezo.

Mama alinieleza wakati tunateka maji. Bwana wa Visima amemaliza kazi na anarudi kwao Ulaya. Yeye na mkewe wameomba kwenda na mtoto.

"Na wewe umesema nini?"

"Nimesema sawa. Mwaka huu maziwa yako wapi? Baba yako yuko Sangailu na ng'ombe waliobaki, hata salamu haijafika. Mtoto hupelekwa penye maziwa. Mimi mwenyewe nilikaa kwa shangazi misimu minne. Akipata nguvu, akijua kusoma, atarudi."

Nilimwamini, kwa sababu kwetu ndivyo ilivyo. Mtoto akipelekwa kwa watu wengine hubaki wa kwao, na anarudi mrefu zaidi, basi.

Jumanne karani alileta karatasi ili mama aelezwe kabla ya Alhamisi, siku ya kutia dole gumba mbele ya Bwana DC. Karani alikuwa mtu wa pwani, mcheshi, anapenda kuvuta kiti mwenyewe. Alinipa karatasi. "Wewe msomi, msomee mama yako. Mimi Kisomali changu ni cha sokoni."

Ilikuwa ya Kiingereza, kurasa mbili. Nilisoma kimya kwanza. Ilisema mtoto huyu hana jamaa anayejulikana. Mama yangu aliandikwa humo kama mwanamke anayekaa naye. Ilisema korti ya Nairobi ikikubali, mtoto atakuwa wa hao wawili kana kwamba wamemzaa, na atachukua jina lao. Chini ikasema atatunzwa na atasomeshwa.

Nilisoma mara tatu. Sikuelewa mtu anawezaje kuandikwa kana kwamba amezaliwa mahali ambapo hakuzaliwa. Nikamwuliza karani, kwa sauti ndogo, mbona hapa pamesema hana jamaa.

"Kwa sababu hana. Sikiza, kijana. Serikali haimtoi nje ya nchi mtoto mwenye watu. Ni sheria. Anayeweza kwenda ni yule asiye na mtu. Nimetazama kitabu changu, nyumba hii ina watoto wawili, wewe na dada yako. Huyu hayumo. Kama hayumo kwa mtu yeyote, ni wa nani?"

Alisema bila ubaya. Nilihisi masikio yanawaka.

"Wanasema nini?" mama akauliza, akirudi na chai.

Nikasema, "Wanasema watamtunza na watamsomesha."

Ni kweli, ilikuwa imeandikwa. Yale mengine niliyaruka. Naandika hapa kwa sababu sijamwambia mtu: sikuyaruka kwa aibu peke yake. Nilifikiri, mbona yeye? Mimi ndiye ninayejua ramani, mimi nimeshika nafasi ya pili darasani, na anayepanda ndege ni mtoto asiyejua hata kufunga kamba za viatu. Kisha nikafikiri, akiwa huko ataniandikia, labda ataniita. Kisha nikafikiri kwamba atakuwa na jina la Kizungu, na ayeeyo atakamua mbuzi mbele ya mkeka mtupu. Mawazo haya yote yalikuwa yangu kwa wakati mmoja, na sikujua lipi ndilo nililokuwa nalifikiri kweli.

Jumatano nilimfuata mtoto mtoni. Alikuwa anarusha vijiwe kwenye mchanga.

"Unataka kwenda?" nikamwuliza.

"Nataka kupanda ndege."

"Na kukaa huko?"

Akanitazama kama mimi ndiye mwenye miaka sita. "Ndege si inarudi?"

Alhamisi tulikwenda boma, mimi, mama, ayeeyo na mtoto. Bwana DC alikaa nyuma ya meza, karani kando yake na kitabu kikubwa cha watu. Bwana wa Visima alisimama dirishani, mkewe alikaa na mkoba juu ya magoti. Alikuwa amemletea mtoto kofia. Mtoto aliivaa akawa kama uyoga.

Karani akafungua kidau cha wino wa dole gumba. Mama akanyoosha mkono.

Ayeeyo hakuwa ameuliza neno tangu mwanzo. Sasa akaniuliza mimi, kwa Kisomali. "Kwenye hiyo karatasi, mtoto anaitwa mwana wa nani?"

Nikaitazama karatasi.

"Wewe umesoma au hukusoma?"

"Nimesoma."

"Basi?"

"Anaitwa mwana wao," nikasema. "Jina lake litakuwa lao. Wameandika hana jamaa."

Mkono wa mama ukabaki hewani. Hakunigombeza. Alinitazama tu, na afadhali angenipiga. Kisha akamgeukia karani na Kiswahili chake. "Hapana. Hi mtoto iko na watu. Mimi nanyonyesha yeye."

"Mama, kitabu kinasema una wawili."

"Kitabu, wewe naandika."

"Nimeandika ulichosema wewe."

Bwana DC akauliza kuna nini, karani akamweleza kwamba mwanamke anadai mtoto ana jamaa, lakini kwenye kitabu hayumo na hakuna nafasi ya kuandika maziwa. Bwana DC akasema kama kuna jamaa ithibitishwe sasa, maana ndege haingoji.

Ayeeyo alimvua mtoto kofia, akaiweka mezani taratibu, akamsimamisha katikati ya chumba. "Sema wewe ni wa nani."

Mtoto akaanza. Jina lake, la baba, la babu. Alisema upesi, macho kwenye dari, kama asubuhi za mbuzi. La sita. La saba. La nane. Akakwama. Akamtazama ayeeyo, na ayeeyo hakumsaidia, kwa sababu ukimdokeza mtoto mbele ya mashahidi haihesabiki. Karani akaanza kukohoa kidogo. Mtoto akaitazama kofia.

Mimi ndiye niliyelisema la tisa. Lilinitoka kwa sauti ambayo sikuijua, kubwa mno kwa chumba kile. Ayeeyo akafunga macho kwa hasira. Mtoto akalidaka na kuendelea mpaka la mwisho.

"Umemdokeza," karani akasema.

"Ndiyo," nikasema. Kwa kuwa nilikuwa nimeshaanza, nikaendelea. "Na mwezi wa nne nilikuwepo ulipokuja kwetu kuandika. Nilijua tuko watatu. Yeye ndiye aliyefichwa. Kwetu anayefichwa si asiye na watu." Nikarudia kwa Kiingereza kwa Bwana DC, nikakosea nyakati zote.

Bwana DC aliuliza, mnaificha serikali watoto? Akagongagonga kalamu. Kisha akaikunja ile karatasi mara mbili, akaitia kwenye droo. Mtoto akiwa na watu, akasema, haiwezekani, hata kama watu wenyewe ni wagumu kueleweka.

Mke wa Bwana wa Visima hakubishana. Alimwuliza mama kwa Kiswahili chake kibovu, "Yeye atakunywa maziwa?" Mama akasema, "Mungu akitaka." Wakashikana mikono muda mrefu kidogo, na mimi nikatazama sakafu, kwa sababu yule mama alikuwa amemtunza mtoto wiki tano na hakutukosea lolote. Aliiacha kofia.

Karani akafungua kitabu. "Sasa tuandike vizuri. Ukurasa mpya, nisichafue ule. Haya, mama, watoto wangapi?"

Mama akageuza uso ukutani. Karani akanitazama mimi. "Taja wewe."

Nikamtaja dada. Nikamtaja mdogo wetu, na karani akaandika jina lake, la baba yake, na la babu yake, kwa wino wa bluu. Nilipofungua mdomo tena mama akasema kwa Kisomali, bila kugeuka, "Usijitaje."

"Ndio hao?" karani akauliza. "Na wewe?"

"Mimi niko shuleni," nikasema.

Akainua mabega, akapiga mstari chini ya wawili.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Ayeeyo alinisema njia nzima kwa kumdokeza mtoto. Mama alitangulia mbele. Nilitaka kumwuliza kwa nini mimi, kama ni kwa sababu nilimficha habari ya karatasi, au ni kwa sababu ile nyingine, ile inayomfanya aache mmoja. Nilitafuta namna ya kuanza tukafika mlangoni. Usiku alinipa chai ya maziwa, nao wengine walikunywa ya rangi.

Januari nilirudi shule juu ya lori la ngozi. Mama alinifungia hirizi mkononi, jambo ambalo hakuwahi kunifanyia tangu nianze shule. Mdogo wetu hakuja kuniaga. Alikaa juu ya boma la mbuzi, kofia kichwani, amenipa mgongo. Hajanisamehe habari ya ndege.