Shimo Lisilokuwamo Kwenye Mtaala

Asubuhi yangu ya kwanza kazini, katika sekondari moja karibu na Mlandege, Iringa, Mkuu wa Shule alinikabidhi chaki, dasta na mtaala wa Fizikia. "Fundisha kilichomo humu, kijana. Kisichokuwamo kaa nacho mwenyewe." Nilimtii miaka miwili, nikahamishiwa Mbeya, upande wa Uyole.

Huko nilipata jarida kuukuu la sayansi lililoeleza habari za kwasa, yaani vitovu vya galaksi za mbali vinavyong'aa kuliko nyota zote zinazovizunguka. Wataalamu walihisi kila kitovu kina shimo jeusi kubwa mno, lenye uvutano ambao hata mwanga hauponyoki, na kwamba gesi huwaka ikikaribia kumezwa. Sikuweza kukaa nayo habari hiyo. Nilikisimulia kidato cha tatu, na Mkaguzi wa Shule alikuwa ameketi nyuma.

Atupele, binti mpole wa kutoka Rungwe, akanyoosha mkono. "Mwalimu, kilitangulia nini? Galaksi au shimo lake?"

"Sijui," nikasema. "Hata wenye darubini hawajui."

Ofisini Mkaguzi alifoka: "Mwalimu hasemi 'sijui' mbele ya darasa!" Wiki iliyofuata nilinyang'anywa Fizikia, nikapewa kusimamia shamba la shule.

Niliumia sana. Siku moja, tukipalilia mahindi, Atupele alinisogelea.

"Shikamoo, mwalimu. Mimi ndiye niliyekuponza."

"Marahaba. Hukuniponza. Swali lako nalifikiria kila siku."

Akapalilia kidogo, akasimama. "Nyota si zinatokana na gesi? Na shimo linakula gesi hiyohiyo. Labda vinakua pamoja."



Mitihani ilipokaribia nilirudishwa darasani, maana hakukuwa na mwalimu mwingine. Tangu hapo nilisema "sijui" bila woga, na ninyi mnaoanza ualimu nawashauri hivyo.

Nilikwisha kustaafu niliposoma kwamba wanafalaki wamepima: galaksi yenye kitovu kinene ndiyo yenye shimo kubwa, kana kwamba vilikua pamoja. Nikaenda Mwanjelwa, hapohapo Mbeya, Atupele alikokuwa na duka la dawa, nikamsomea. Alisikiliza kwa makini.

"Na shimo likila kupita kiasi?"

"Gesi inayowaka kandokando yake hutoa upepo mkali unaofukuza gesi nyingine. Nyota mpya hupungua kuzaliwa, nalo shimo hukosa chakula."

"Lakini shimo ni dogo mno mbele ya galaksi; linaiamuruje yote?"

"Bado wanabishana."

Akarudisha mlango wa duka nusu, akavuta viti viwili.