Chuki Niliyoificha Miezi Miwili

Nakumbuka siku moja kule ng'ambo, mjini Laurel, mwanangu, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, nikimtunza bibi mmoja Mrusi aliyeitwa Irina. Kazi yake ilikuwa kutafsiri, na hata uzeeni hakuiacha. Macho yalishachoka, basi mimi, mtu wa darasa la nne, nilimsomea Kiingereza polepole, naye akaandika Kirusi kwa herufi kubwa.

Asubuhi hiyo tulifika kwenye maneno ya uchungu wa moyo na chuki ya kufichwa. Kirusi kina mengi ya aina hiyo, akashindwa achague lipi.

"Huyu mtu ana hasira?" akaniuliza.

"Hasira hupiga kelele, bibi. Hii inanyamaza. Hii inapika uji mzuri wa mzazi, halafu inautuma kwa mkono wa mwingine."

Akaweka kalamu chini. "Nani aliyekunywa uji huo?"

Nikamweleza yote. Ni mdogo wangu Njeri, aliyejifungua binti wake wa pili katika mji jirani wa Columbia, nusu saa tu kwa gari. Kwetu binti wa pili hupewa jina la mama mzaa mama. Njeri akamruka mama yetu, akampa mtoto jina la shangazi wa mumewe. Miezi miwili tukikutana kanisani namchekea, lakini mtoto simshiki. Eti nalinda heshima ya mama!

Bibi Irina hakunipa pole. "Neno nimelipata," akasema. "Nimeishi nalo miaka thelathini, na dada yangu ameshazikwa. Leo ukitoka hapa usipitie kwako kwanza."

Nikaenda. Njeri akafungua mlango, mtoto begani.

"Eh, dada! Umekuja kumwona mtoto au kukagua jina?"

"Nimekuja kumwogesha."

"Hilo jina mama mwenyewe ndiye alisema, kwa simu. Huyo shangazi alimlea mume wangu na hana mtoto wake. Mama akasema asipotee bila wa kuitwa kwa jina lake. Ungeniuliza, si ningekuambia?"

Nilikuwa nimemchukia ndugu yangu kwa niaba ya mtu ambaye hakunituma. Nikaomba beseni.

Mwanangu, kuuliza si ujinga. Ndugu akikuudhi, mwambie yeye, si watu wengine, na umwambie mapema. Chuki ukiilisha kimya inanenepa, wewe unakonda. Mungu akupe ulimi wa kuuliza, na ukibisha mlango, akukutanishe na aliye hai wa kukufungulia.