Mama Vitalis na Nyota ya Udiwani

Mtu akiniambia tena kwamba Vitalis alipata udiwani kwa sababu mimi Nassir nilimpa nyota njema, nitamwacha na kichwa nusu kimenyolewa, nusu bado. Nimechoka. Watu wanapanda treni kutoka Munisagara, wengine wanadandia malori kutoka Mikumi, wanakuja kwenye banda langu la kunyolea hapa Kimamba wanataka "ile nyota ya diwani". Diwani alishinda, ndiyo, na alishinda vizuri. Lakini kama mnataka kujua ilikuwaje, muacheni yeye kwanza, niwaeleze habari za mama yake.

Huyu mama alikuwa anapika pale stesheni. Alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa mkonge, baba yake mkata mkonge aliyetoka Songea enzi za Wagiriki wenye mashamba. Mashamba yalipofungwa na watu wakatawanyika, yeye alihamisha mafiga tu, akaanza kuwapikia wali wasafiri. Mdomo wake ulikuwa moto. Ukisema maharage yamepoa anakunyang'anya sahani, na hupewi nyingine mpaka umeomba kwa adabu. Mimi mwenyewe nimeshawahi kuomba.

Jina lake la ubatizo lilikuwa Yudith, lakini nani alilitumia? Mume alifariki mapema, mtoto alikuwa mmoja tu, na tangu mtoto huyo aanze kutembea amemshika khanga, mji mzima ulimwita Mama Vitalis. Ukimwita Yudith hageuki. Anaendelea kupakua, unafikiri hasikii.

Basi mwaka elfu mbili, Vitalis, ambaye alikuwa na mashine yake ya kusaga, akasimama udiwani kwa chama kipya. Jamani, mji ulichangamka. Miaka yote tulizoea kumjua mshindi kabla hatujapiga kura, leo kuna bendera mbili barabara moja. Vijana wa banda la video waliacha sinema wakawa wanazunguka na baiskeli na filimbi. Watu wazima, watu wenye wajukuu, wanabishana sera mpaka chai inapoa. Mimi nilikuwa silali vizuri kwa furaha, nawaambia kweli. Na Mama Vitalis ndiyo usiseme. Alikuwa anacheza na mwiko mkononi, treni imesimama, abiria wanamsubiri, yeye anacheza.

Vitalis akaja kwangu kunyoa ndevu. Nikiwa namalizia shingo akaniuliza kwa sauti ya chini kama ninaweza kumwangalizia nyota. Mkatoliki yule, tena mwimbaji wa kwaya. Sikumcheka, maana kwenye kiti changu wamekaa wa kila dini na wote huuliza kwa sauti hiyohiyo.

Mimi falaki nilifundishwa na mjomba wangu, fundi cherehani wa Kilosa mjini. Si ramli na si uganga, ni hesabu. Kila herufi ya Kiarabu ina hesabu yake. Unachukua jina la mtu na jina la mama yake, unajumlisha, unapunguza kumi na mbili kumi na mbili, na kinachobaki ndicho kinachokuonyesha nyota yake. Nikachukua chaki nikaandika sakafuni: Vitalis, mama yake Yudith. Nikapiga hesabu, nikarudia, nikarudia tena. Ikatoka Akarabu, nge, na Zohali, sayari ya nuksi, amemkalia juu. Kwa mwaka ule, mwenye nyota ile hakutakiwa hata kugombea uongozi wa kwaya.

Nikamwambia. Sina tabia ya kumpaka mtu mafuta. Akajifuta povu la shingoni kwa kiganja, akasema kwamba kama ni hivyo atajitoa kabla hajawaaibisha watu waliomwamini. Nilidhani ni maneno ya hasira. Kumbe kesho yake akawaambia vijana wake washushe bendera kwenye mashine, kwamba atakwenda kuandika barua ya kujitoa. Filimbi zikanyamaza. Mji ukawa kama nyumba yenye mgonjwa, na wote wakawa wananiangalia mimi. Niliumia, lakini hesabu ilikuwa hesabu.

Mama Vitalis akanijia juu mchana huohuo. Nilimwona anatoka upande wa stesheni, mwiko bado mkononi, vumbi linaruka. Vitalis mwenyewe alikuwa ndani, nimemwita nimsihi asifanye haraka. Mama akaingia bila hodi. Akanitukana kwanza, matusi ambayo siwezi kuyarudia mbele ya watoto, akamaliza, akavuta pumzi. Halafu akaniuliza hiyo nyota inafuata nini.

Nikamweleza kama nilivyowaeleza ninyi. Jina lake na la mama yake.

"Mama aliyemlea," akasema, "au aliyemzaa?"

Nikamwambia nyota haijui malezi. Inalifuata tumbo lililombeba.

Akakaa kwenye benchi. Yule mama nilikuwa sijawahi kumwona amekaa mchana. Akaushika ule mwiko kwa mikono miwili, akamtazama Vitalis, akatazama sakafu pale kwenye chaki yangu ya jana.

"Basi futa jina langu," akasema. "Andika Sesilia."

Sesilia alikuwa mdogo wake. Sisi wenye umri tulimkumbuka kidogo, msichana mwembamba aliyefariki masika moja, tukaambiwa homa. Haikuwa homa. Alifariki akijifungua, nyumbani, mto umefurika na njia ya kwenda hospitali imekatika. Wanawake wa kambini, kwenye zile nyumba za mkonge, hawakumpeleka mtoto kwa mtu mwingine yeyote. Walimweka mapajani kwa Yudith, kwa sababu kwa watu wale mtoto wa mdogo wako ni wako, na wakakubaliana palepale kwamba hakuna atakayemwambia mtoto huyu kuwa ni yatima wakati mama yupo. Na wale kina mama walikaa na siri ile mpaka wakazikwa nayo, mmoja mmoja. Alikuwa amebaki yeye peke yake. Angenyamaza, nani angejua?

Vitalis alisimama. Mimi machozi yalikuwa yananilenga, na ili nisilie mbele ya watu nikainama nikapiga hesabu. Vitalis, mama yake Sesilia. Jamani. Ikatoka Asadi. Simba, na Mushtari, sayari ya bahati, yuko naye nyumba moja! Nilipiga kelele mpaka mwenye duka la jirani akaja na rungu. Nikamkumbatia Vitalis na vumbi la chaki mikononi. Vijana waliokuwa wamekaa nje wamejikunyata wakaruka kwenye baiskeli, na kabla jua halijazama bendera ilikuwa imerudi kwenye mashine na filimbi zinalia hadi barabara ya Msowero.

Nikampa Vitalis sharti moja, na nililisisitiza. Nyota inasikiliza jina linalotamkwa. Mpaka siku ya kura, jukwaani, kanisani, popote, ajitaje kwa Sesilia tu. Akimtaja Yudith kuwa ni mama yake anairudisha ile Akarabu mwenyewe. Aliyejibu ni mama, si yeye. Alisema amesikia, na litafuatwa.

Na alilifuata, Wallahi. Mteja akimwita Mama Vitalis anamkaripia: mimi ni Yudith, mama yake Vitalis ni marehemu. Wageni walishangaa, wenyeji walitazama pembeni. Vitalis akija kula anamwamkia kama kawaida, mama anaitikia haraka na kugeukia sufuria, kama vile hajamwona. Watu walikuwa wanashangilia mtaa mzima, na mimi nilikuwa nashangilia kuliko wote, lakini nikipita pale stesheni nilikuwa napita haraka. Yule mama alikuwa anapika kama mtu aliyefiwa. Mwiko hauchezi tena.

Ikafika siku ya mkutano wa kufunga kampeni, uwanja wa mpira. Sijaona watu wengi namna ile Kimamba. Wasukuma wa Msowero walikuja na ngoma zao, wakinamama wamevaa khanga za sare, vumbi linapanda, vipaza sauti vinakoroma. Yudith alikuwa nyuma kabisa, kwenye mafiga, anawapikia vijana wa kampeni. Mimi nilisimama chini ya jukwaa. Kwetu mgombea hamwagi sera kabla hajawaambia watu yeye ni nani na ametoka kwa nani, kwa hiyo nilitaka Vitalis anione akifika hapo asije akasahau. Nikamwonyesha kwa mdomo: Se-si-li-a.

Akashika kipaza sauti. Akaniona, najua aliniona.

Akasema, "Sesilia alinizaa, Mungu amlaze pema. Lakini yule mnayemwona kule kwenye masufuria, yule ndiye mama yangu. Mimi ni Vitalis wa Yudith."

Nilivua kofia nikaitupa chini. Nilikuwa na hasira, ninyi, nilitaka kupanda jukwaani nimnyang'anye kile kipaza sauti. Kazi yote ile, Mushtari yote ile, mtu anaimwaga kwa sentensi moja mbele ya wapiga kura. Watu hawakuelewa wakafikiri ninashangilia, wakashangilia na wao. Vitalis akashuka. Hakuanza sera. Akakata katikati ya uwanja, watu wanampisha, na mimi nyuma yake namfuata huku namsema.

Mama yake alikuwa ameshika mfuniko wa sufuria, mvuke unampiga usoni, hata uso hauondoi. Vitalis alipofika, mama akamwambia arudi jukwaani haraka, amtaje mdogo wake, aseme alikosea, labda nyota haijasikia. Alimwambia anajiharibia, kwamba yeye hakutoa siri ya miaka yote ile ili mtu aje aichezee uwanjani.

Vitalis akapiga magoti palepale kwenye majivu, na suruali yake mpya ya mtumba.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nikishindwa, nishindwe nikiwa wako."

Mimi nikarudi nyuma hatua mbili, mimi Nassir. Mama akauweka mfuniko chini, akajifuta mikono kwenye khanga, mbele nyuma, mbele nyuma, muda mrefu, na uwanja mzima unasubiri.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Sasa inuka, unaniunguzia wali."