Sheria ya Bi Somoe wa Lionja

Siku ile tulikuwa tunavizia nguruwe kwenye shamba la mtama la Bi Somoe, hapa Lionja. Nguruwe wa zamani hizo si hawa wa sasa wanaokimbia mbwa. Yule mmoja ungempa kiti angekaa, akakuuliza habari za nyumbani. Mimi na Issa, mtoto pekee wa Bi Somoe, tumelala kwenye majani, mikuki mkononi, wavu umetegwa. Kazi yenyewe ni kunyamaza tu. Mimi kunyamaza sijajaliwa. Nikamnong'oneza Issa upuuzi sikioni, akashindwa kujizuia, akacheka. Nguruwe huyoo.

Bi Somoe akaja na mpini wa jembe.

"Bakari! Mtama wangu na mwanangu, vyote utavimaliza kwa mdomo wako!"

"Mtama utaota mwingine, mchumba," nikamwambia. "Mwanao ndiye sikuahidi."

Akacheka mpaka akakaa chini. Ilikuwa halali kusema vile. Ukoo wetu na ukoo wao ni watani tangu mababu. Tunatukanana bila kesi, tunachukuliana kuku bila kuomba. Na wa kwao akifa, sisi ndio tunaochimba kaburi, na sisi ndio tunaowachekesha wafiwa. Mtani akifika msibani anavaa nguo za marehemu, anamwigiza mwendo wake, anasema huyu hajafa, anajifanya tu, mwamsheni mumdai. Watu wanacheka huku machozi yanatoka. Ndiyo dawa yetu.

Mwezi uleule wakapita watu wa Keya, jeshi la Mwingereza, wanaandika vijana. Daktari alinigonga kifuani akarudi nyuma hatua tatu, akasema huyu ana moyo wa kifaru. Basi tukaandikwa wote wawili. Wakamuuliza Issa, ukipatwa na jambo tumwambie nani? Akasema mama yangu, Somoe binti Likwena, sina mwingine.

Wakatupeleka Bama, kule Burma, kupigana na Wajapani.

Mvua ya Bama usiombe. Ukipiga mwayo unazama. Ruba walikuwa wakubwa, mmoja nilimvua mguuni nikamfunga kiunoni kama mkanda. Nyumbu wa mizigo walikuwa wanalia kwa majina ya mama zao. Haya niliyasimulia sana niliporudi, Nachingwea yote, Ruangwa yote mpaka stesheni. Nilikuwa dereva wa trekta kwenye mashamba ya karanga ya Wazungu, nikizima tu injini watu wanajaa. Mguu wangu wa kushoto una risasi, nilisema zimo kumi na moja. Imo moja.

Issa hakurudi. Jeshi liliandika barua moja tu: hajulikani alipo.

Bi Somoe alingoja. Akangoja mpaka wazee wakamwambia basi, tumsomee mwanao hitima, tuweke matanga. Nami nikaenda, kama mtani inavyonipasa. Nikavaa kanzu ya Issa mbele nyuma, ungo kichwani, nikaingia uani natembea kama yeye, vidole nje kama bata. Wanawake wakaanza kucheka kwa kilio.

Siku hiyohiyo akaja karani kutoka boma la Nachingwea, katumwa aandike habari za askari waliopotea ili wazazi wao wapewe pensheni. Karani mgeni, mtu wa mbali, kwao msibani ni kulia tu. Akauliza nani alikuwa na Issa vitani? Watu wakanionyesha mimi, na ungo wangu.

"Issa yuko wapi?"

"Issa?" nikasema. "Issa hajafa bwana! Katoroka jeshi, kaoa Mburma mnene, anakula wali asubuhi, mchana na jioni. Kanituma nichukue kanzu yake ya harusi!"

Ua mzima ukaanguka kwa kicheko. Karani akaandika. Nilimwona anaandika. Nikadhani naye anacheza.

Hapana, nisiseme uongo. Sikudhani hivyo. Nilimwona anaandika, nikashukuru kwamba sijaulizwa mara ya pili.

Jibu likaja baada ya mavuno. Jumbe alilisoma barazani kwake: askari Issa ni mtoro, shahidi ni rafiki yake mwenyewe. Mama wa mtoro hana pensheni.

Bi Somoe hakunigombeza. Alidhani ni makosa ya karani, na mimi nikamwacha adhani hivyo. Mwaka ule mtama ukaungua na jua. Mwaka uliofuata nguruwe wakaumaliza, maana hakuna wa kuweka wavu. Nikawa namwona na kijiti chake porini, anachimba ming'oko, vile viazi vya mwitu tunavyokula njaa ikibana. Kachutama peke yake, mgongo umekuwa mfupa mtupu. Nampelekea unga, anaupokea, ananitukana kitani, ananipikia ugali wa unga uleule. Naula.

Siku moja nilimkuta kaanguka kando ya shimo lake la ming'oko. Nikambeba mgongoni. Bi Somoe alikuwa mwepesi. Hilo sitilii chumvi, alikuwa mwepesi kama kikapu.

Alipopata nafuu nikamwambia, "Twende bomani."

Bwana Shauri, yule Mzungu wa boma, alikuwa na jina langu kwenye karatasi. Akanitazama.

"Wewe ndiye uliyesema katoroka. Leo unataka kusema nini? Nasikia wewe ni mwongo wa wilaya nzima."

"Ndiyo bwana," nikasema.

Akanipa Msahafu nishike. Bi Somoe kakaa kwenye benchi nyuma yangu, nasikia anavyopumua.

Nikasema.

Tulikuwa wawili, ukingoni mwa mto, alfajiri. Tuliwekwa pale tuvizie njia. Amri ilikuwa moja: msitoe sauti.

Mvua ilikuwa imekatika.

Wakaja Wajapani watatu upande wa pili. Wa mbele alikuwa mfupi, anainama ananusa njia.

Nikamnong'oneza Issa, "Nguruwe wa mama yako huyo."

Akacheka.

Hakucheka kwa nguvu. Pua tu.

Risasi ya kwanza ikampata shingoni. Ya pili ikanipata mguuni.

Alinishika mkono. Akateleza kwenye tope, mkono ukaniponyoka, mto ukamchukua. Mto ulikuwa umejaa.

Wenzetu waliponikuta nilikuwa na homa, siongei. Hospitalini hakuna aliyeniuliza, na mimi sikumwambia mtu.

Bwana Shauri aliacha kuandika. Sikugeuka.

"Bakari," Bi Somoe akasema. "Alizikwa?"

"Hapana, mama."

Sikuwahi kumwita mama maisha yangu yote, ni mchumba tu. Akamwambia Mzungu, "Andika bwana. Leo huyu anasema kweli. Namjua akiongopa, anachezesha mikono."

Mikono yangu ilikuwa juu ya Msahafu.

Bwana Shauri akasema sheria ya pensheni imekwisha kufunga mlango. Muda wa kudai umepita, na jina la mtoro limeshaandikwa, yeye hana uwezo wa kulifuta. Njia imebaki moja. Baraza la Kutunga Sheria kule Dar es Salaam litunge sheria ya peke yake, ya mtu mmoja tu, Somoe binti Likwena.

Lionja hawakuamini. Sheria tuliyoijua ni ya kodi, inapiga wote. Leo sheria ya bibi mmoja mchimba ming'oko! Wakamtania njiani: "Pisheni sheria ipite!" Jumbe akasema anaogopa hata kumsalimia, asije akavunja kifungu.

Ilichukua misimu mitatu. Tukaitwa bomani, ikasomwa. Ilikuwa karatasi moja. Jina lake limo, jina la Issa limo, na maneno haya: aliyekufa vitani. Bi Somoe akaomba wasome tena pale tu. Wakasoma. Akaomba tena.

Pensheni ile ilimlisha vizuri mvua mbili. Alinunua kanga, akaezeka nyumba, akaacha kuchimba porini. Ugali aliendelea kunipikia. Kunitukana hakunitukana tena hata siku moja. Nilimchokoza kwa kila neno ninalolijua, nikaiba hata jogoo wake. Ananitazama tu, anasema, "Kula, Bakari."

Alipokufa wakaniita. Nikachimba kaburi mwenyewe, na mguu huu, sikutaka mtu anisaidie. Kisha nikaenda uani. Watu wamejaa, wanangoja mtani wao. Wakanipa kanga yake nijifunge, ungo wakaniwekea tayari.

Nikasimama katikati. Natafuta neno silioni, mimi Bakari.

Nikasema, "Amekufa."

Mtani hasemi hivyo msibani, hajapata kusema. Wakanitazama. Halafu mmoja akaanza, na wa pili, ua mzima ukacheka, wanashikana mabega, wanasema huyu Bakari huyu, kaja na mpya.

Nikavua kanga, nikaikunja, nikaiweka juu ya ungo. Nikaenda kungojea kaburini.